Picha Isiyoweza Kungoja Jumanne

Ni saa moja na dakika kumi asubuhi, Ijumaa. Mwanamume anavua mkanda mlangoni mwa chumba cha MRI, kisha saa, kisha anatoa funguo, na kuvirundika vyote kwenye beseni la plastiki. Mwanawe wa miaka sita amelala kwenye machela, macho wazi, uso umeelekea ukutani.

"Na viatu, havina misumari?" anauliza mtaalamu wa picha. "Sumaku hii haina adabu, baba. Haipigi hodi."

Wenzake humwita Mama Sumaku. Ana miaka kumi na tisa kazini. Leo amekasirika, na akikasirika husema polepole.

Mtoto aliwekewa kipande cha ini la mama yake siku tisa zilizopita. Mama bado amelazwa wodi ya wakubwa. Jumatano mtoto alisema kuna giza. Alhamisi akashikwa na degedege. Picha ya CT-scan ilitoka safi, na fomu ya MRI ikaandikwa Jumanne. Mtaalamu wa dawa ya usingizi huja chumba hiki Jumanne tu, na utaratibu unataka mtoto wa umri huo alazwe usingizi ili asitikisike.

Baba alikuja leo alfajiri kugongesha muhuri wa miadi hiyo. Mama Sumaku akamuuliza mtoto ana nini.

"Mke wangu kakatwa ini, mwanangu kawekewa, halafu naambiwa anadeka," akajibu baba. "Nilimpa kikombe, akashika hewa. Huko ndiko kudeka?"

Mama Sumaku alimpigia simu daktari wa wodi papo hapo.

"Daktari, mtoto huyu haoni."

"CT ya jana ni safi, mama. Mtoto kachoka tu."

"CT haiwezi kuona hili mapema. Unalijua, tulisomeshwa wote. Nikikosea niandikie onyo. Ninayo mawili, la tatu halitanivunja mgongo."

"Na usingizi?"

"Simlazi. Namsimulia hadithi."

Kisha daktari akasema, "Leta fomu nisaini."

Dawa zinazozuia mwili kulikataa ini jipya zinaweza, kwa baadhi ya watoto, kuvimbisha sehemu ya nyuma ya ubongo, ile inayopokea tunachokiona. MRI huuona uvimbe huo. Ukigunduliwa upesi, daktari hupunguza dawa au huibadilisha, na mara nyingi uvimbe hunywea. Ukicheleweshwa, unaweza kuacha kovu.

Mtoto anaingizwa mashineni. Baba anaketi pembeni, ameshika unyayo wake.

"Sasa utasikia fundi anagonga bati," Mama Sumaku anasema kwenye kipaza sauti. "Fundi mbaya, hajui kazi. Wewe tulia, tumsikilize anavyoharibu."

"Analipwa?" mtoto anauliza.

"Analipwa. Tena vizuri kuliko mimi. Usicheke, kichwa kitatikisika."

Dakika kumi na moja. Mtoto hakutikisika.

"Watoto wengine huogopa giza la shimo hili," anasema Mama Sumaku baadaye, mlango ukiwa umefungwa. "Huyu alikuwa gizani tangu Jumatano, na watu wazima tukampangia foleni."

Kwenye skrini, nyuma ya ubongo, pande zote mbili, kuna mabaka meupe. Saa nne na nusu daktari wa wodi anayatazama akiwa amesimama. Saa tano kasoro dakika ishirini anabadilisha dawa.

Kwa hesabu ya Mama Sumaku, katika miaka miwili watoto kumi na wanne waliowekewa ini wameandikiwa Jumanne. Mmoja wao haoni hadi leo. "Huyo namkumbuka kwa viatu vyake," anasema, na hataki kuulizwa zaidi.

Jumatatu iliyofuata alipeleka kwa uongozi barua yake ya nne. Anaomba jambo moja: mtoto aliyewekewa ini akishikwa na degedege au akisema haoni, apigwe MRI siku hiyohiyo. Zile tatu hazikujibiwa. Uongozi, ulipoulizwa na gazeti hili, ulisema suala hilo "linafanyiwa kazi".

"Linafanyiwa kazi na nani?" anauliza Mama Sumaku. "Mimi ndiye ninayelifanyia kazi. Nitaandika ya tano, na ya sita nitaibandika mlangoni mwao."

Jumatano ya wiki hiyo, saa mbili asubuhi, wodini, mtoto aligeuza kichwa, akamkazia macho mtu aliyeketi kando ya kitanda.

"Baba," alisema, "mbona una ndevu?"