Mashine ya Kukausha Nguo za Watoto Wachanga

Siku niliyoanza kazi, mwaka 1991, nilifika karakana ya Muhima, mjini Kigali, nimevaa shati jeupe alilonipigia pasi mama, nikiwa na hakika kwamba nitakabidhiwa bisibisi. Nilikabidhiwa brashi. Mkuu wa karakana, ambaye sote tulimwita Shefu, alinipeleka mbele ya mashine ya kukaushia nguo iliyofunguliwa mgongoni, akaniambia, “Bon, Saidi. Ingiza kichwa, toa hiyo uchafu yote. Ukitoka na nywele nyeusi, unarudi tena.” Nilitoka na mvi kichwa kizima. Wenzangu walicheka mpaka wakaweka vyombo chini, na mmoja akaniamkia shikamoo.

Uchafu wenyewe ulikuwa nyuzi. Taulo na mashuka yanapozungushwa kwenye joto hutoa nyuzi laini kama pamba, na ingawa mashine ina chujio la kuzinasa, nyingine hupenya zikalala ndani. Siku ile nilikasirika, kwa sababu nilikuwa nimesomea umeme, sikusomea kufagia. Leo nashukuru, maana kwa brashi ile niliijua mashine nzima kwa vidole kabla sijaijua kwa mita ya kupimia umeme.

Si mashine ngumu. Mota huzungusha pipa kwa mkanda mwembamba wa mpira. Rezistansi, yaani ile koili inayopata moto, hupasha hewa. Feni huivuta hewa hiyo ipite kwenye nguo, kisha huisukuma nje pamoja na unyevu wake, kupitia bomba linalotokeza ukutani. Shefu alianza kila somo kwa neno la Kinyarwanda la kumtaka mtu asikilize. “Umva,” angesema. “Iko kuzunguka, iko joto, iko hewa. Mteja akikwambia mashine imekufa, wewe muulize imekufa upande gani.”

Vipuri ndivyo vilivyotutoa jasho. Vita vilikuwa vimeanza kaskazini, malori hayakuja kama zamani, na kitu kilichoagizwa Ulaya kingeweza kukaa njiani mpaka mteja akakisahau. Nyumba moja ya wageni kule Remera ilituachia mashine yake mbovu, tukaila kiungo kwa kiungo kama watu wanaomaliza mbuzi wa sikukuu: leo mkanda, kesho feni, keshokutwa hata bawaba za mlango. Tena dukani hukuweza kwenda na jina la kipuri tu. Mwenye duka mmoja alikiita kwa Kifaransa, jirani yake alikiita kwa Kiswahili cha pwani, na wote wawili walikuwa tayari kukuuzia kisichofaa. “Peleka maiti,” Shefu aliniagiza. Mimi kijana wa Kiislamu wa Biryogo nikashtuka. Kumbe alitaka nichukue kile kilichoungua, nikiweke juu ya meza ya duka na kukilinganisha na kipya kwa macho, kwa kidole na kwa mita. Mpaka nastaafu sijaenda dukani bila maiti mfukoni. Ninyi mnaotuma picha kwa simu, mtanisamehe, lakini picha haina unene.

Baada ya muda wa brashi na kubeba mkoba, Shefu alinipandisha nikawa fundi wa kazi za nje. Mvua za mwaka 1993 zilinikuta huko, na ndipo nilipokutana na mashine ninayotaka kuwasimulia hasa. Ilikuwa kwenye kliniki ndogo ya wazazi upande wa Kicukiro, ikiendeshwa na masista. Msimamizi wake tulimwita Masera, kama watu wa Kigali wanavyomwita kila sista. Alikuwa mfupi, mwenye haraka, asiyependa maelezo marefu.

“Mashine iko inazunguka, lakini joto hakuna,” aliniambia. Kabla sijafungua mkoba, akanishika mkono akanipeleka wodini na kumfunua mtoto mchanga aliyelala kifuani mwa mama yake. Mgongo wa mtoto ulikuwa na majipu madogo mekundu. Wenyeji wanalijua jambo hili. Kuna inzi anayetaga mayai kwenye nguo zilizoanikwa nje, na mayai yakigusa ngozi, funza huingia mwilini. Ndiyo maana kwetu hupigwa pasi kila kitu, hata soksi. Lakini vitambaa vya watoto kliniki ile vilikuwa chungu nzima kila siku, pasi za mkaa hazikuweza kuvimaliza, na jua halikutoka. Mashine ile moja ndiyo iliyokuwa kinga yao.

Nilipima rezistansi, sindano ya mita ikacheza: nzima. Nikapima themostati inayoongoza joto: nzima. Nikapima fyuzi ya joto, sindano ikalala. Fyuzi hiyo ni kidude kidogo kinachokata umeme wa koili pale joto linapopita kiasi, ili nguo zisishike moto, na ikishakata haifufuki. Niliweka mpya, joto likarudi, Masera akaniombea baraka kwa Mungu, nami nikaondoka nikijiona bingwa. Siku chache baadaye akapiga simu karakana: joto limekwisha tena. Safari hiyo nilisafisha chujio, nikapitisha brashi ndani ya bomba lote, nikazunguka nje kutazama linapotokeza ukutani. Lilikuwa wazi, linapumua vizuri kabisa. Nikaweka fyuzi nyingine. Nayo ikakata.

Niliporudi stoo, mtunza stoo aliinua boksi akalitikisa. Ndani ilibaki fyuzi moja, na hakuna aliyejua nyingine zitafika lini. Shefu aliichukua mwenyewe, akaitia katika mfuko wa shati. “Twende wote,” akasema.

Mvua ilikuwa inanyesha tulipofika Kicukiro. Nilipiga honi, na Mzee Andereya, zamu, yaani mlinzi wa mchana wa mlango wa kliniki, akaja akikimbia kutufungulia, amevaa koti lake refu la sufu lililofungwa vifungo mpaka shingoni. Hivyo ndivyo alivyonipokea kila mara, nami nilizoea kumpungia mkono kupitia dirishani, nikapita. Shefu akaniambia nisimamishe gari. Akashuka kwenye mvua ile, akamkumbatia mzee kwa mikono miwili kama inavyopasa, akamuuliza habari za nyumbani, za wajukuu na za ng’ombe. Nilimwona anakawia kumwachia. Nikasema moyoni, watoto wanaliwa na funza, bosi wangu anauliza habari za ng’ombe.

Masera alitungoja chumba cha kufulia, mikono kiunoni. “Shefu, iko fundi hapa mtaani amesema ataunga waya moja kwa moja bila hiyo fyuzi. Kwa nini nyinyi mnashindwa?”

“Oya, Masera,” Shefu akakataa. “Tukiunga, joto itapanda na hakuna kitu ya kuisimamisha. Nyuma ya huu ukuta ni wodi. Utachoma wazazi na watoto.”

“Na bila joto wataumwa mpaka lini? Nimechoka kutoa funza kwa watoto wa siku tatu!” Akageukia dirisha.

Shefu akanipa ile fyuzi. “Weka.”

“Shefu, hii ndiyo ya mwisho. Ikikata je?”

“Weka, uwashe, halafu mtanifuata nje. Polepole, bila kupiga kelele.”

Niliweka, nikawasha. Tuliposikia pipa linazunguka na joto limeanza kuja, tulitoka kwa mlango wa nyuma, tukapita chini ya paa mpaka kona ya ukuta. Pale bomba linapotokeza, Mzee Andereya alikuwa amesimama na shati lililochanika mgongoni. Koti lake lilikuwa limetundikwa kwenye msumari juu ya bomba, limefunika tundu lote, na juu yake ameongeza gunia ili joto lisitoroke. Alikuwa ameingiza mikono chini ya koti, amefumba macho kwa raha.

Nilikimbia nikalivuta koti, nikarudi ndani kupima. Sindano ikacheza. Tulikuwa tumewahi.

Shefu alitueleza baadaye kwa maneno machache: alipomkumbatia mzee, koti lilikuwa la moto. Mtu wa kusimama mlangoni kwenye mvua kama ile, amelipasha wapi? Nami ndipo nilipoelewa kwa nini sikuwahi kuona kitu. Mzee Andereya hakuweza kumfungulia mgeni akiwa na shati lililochanika. Kila nilipopiga honi, alilichomoa koti bombani, akalivaa na kulifunga vifungo kwa heshima yangu. Nilipozunguka nyuma, tundu lilikuwa wazi. Nilipoondoka alilirudisha, hewa ya moto ikakosa pa kutokea, na fyuzi ikakata.

Masera alikuwa amewaka hasira. “Kumbe ni wewe, muzehe? Watoto wanapata majipu kwa sababu ya koti? Chukua vitu vyako, uende.”

“Nilidhani mashine inatupa hiyo joto, Masera,” mzee akasema. “Nikasema isipotee bure. Sikujua inaumiza watoto. Mana yanjye, Mungu wangu, sikujua.” Alikuwa analitazama koti mikononi mwangu, hathubutu kuliomba.

“Masera, hii ni makosa ya karakana,” Shefu akasema. “Ni sisi tuliweka bomba hapa, karibu na kifua ya mtu, bila wavu. Sasa mtu akiona joto inatoka kwa ukuta, na baridi ni hii, afanye nini? Hata mimi ningeleta koti yangu.”

Masera alimkodolea macho. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nikaona anacheka, kicheko cha mtu aliyechoka. “Sawa. Muzehe abaki. Lakini ikizimika tena, nyinyi wote watatu mtakuja kupiga pasi.”

Jioni hiyo hiyo tulifunga wavu wa chuma mbele ya tundu, na kando yake, mahali ambapo hewa ya moto inapita bila kuzibwa, Shefu akavuta waya wa kutundikia koti. Majipu yakaisha. Fyuzi ile haikukata msimu ule wote, wala uliofuata.

Mwezi wa nne wa mwaka 1994, mauaji yalipoanza, Shefu aliuawa nyumbani kwake, yeye na mkewe. Sitaandika zaidi ya hapo, siwezi. Mimi nilifichwa na majirani Biryogo, nikanusurika, nao nawashukuru kila ninapoamka. Karakana iliporwa hadi swichi za ukutani.

Umeme uliporudi, kabla mwaka haujaisha, Masera alinitafuta. Kliniki ilikuwa inafunguliwa tena. Nilifungua mgongo wa mashine nikapima, na fyuzi aliyonipa Shefu ilikuwa nzima. Nikawasha. Vitambaa vikatoka vya moto, Masera akachukua cha kwanza, akamfunga mtoto aliyezaliwa alfajiri ile, na mama yake akamkumbatia mtoto akiwa mkavu na mwenye joto. Nililia nimeuelekea ukuta, na Masera akaniacha nilie.

Baada ya hapo nimewatumikia wakuu wengi: mkuu wa matengenezo wa hoteli aliyependa ripoti, mhandisi aliyelelewa Uganda aliyenifundisha mashine zenye kompyuta, na mwisho mwanamke kijana, meneja wa kampuni ya dobi, aliyeniita baba na kunipa kiti magoti yalipoanza kugoma. Wote walinitendea mema. Nimesomesha watoto kwa kazi hii na nimeingia majumbani mwa watu wa kila namna, wakanipa chai. Sina ninalodai.

Siku ya kuniaga, meneja alinipa kipaza sauti, mafundi vijana wakangoja niwachekeshe kama kawaida yangu. Shefu hakupata siku kama ile, wala hakuna aliyesimama kumshukuru kwa kazi yake. Basi niliacha mzaha. Nilisema, “Mkuu wangu wa kwanza aliitwa Alfonsi,” nikawasimulia kuhusu koti na watoto wa Kicukiro, nikasema asante, Alfonsi. Hakuna hata mmoja wao aliyemjua. Walisimama wote.