Saluti ya Masinde

Goti la Masinde lilivunjikia kaskazini, lori la jeshi lilipopinduka wakati wa vita vya mpakani. Jeshi likamwandikia ulemavu wa asilimia kumi, likamrudisha nyumbani Kakamega. Kumi! Mtu akichuchumaa chooni machozi yanamtoka, halafu unasema ni kumi?

Miaka ile miwa ilikuwa imemeza kila shamba, hata makaburi ya watu yalizungukwa na miwa. Masinde akawa mkataji huko Butali, na goti lake lile lile. Nanjala, mkewe, alilikanda kila asubuhi kwa maji moto na chumvi mpaka likubali kukunjika. Walichoomba ni kitu kimoja: bodi ya madaktari impandishe afike hamsini, maana wa hamsini ndio waliopelekwa Nairobi kupasuliwa. Asipopasuliwa, waliambiwa, mguu utakuja kukatwa.

Bodi ilipokuja mjini, Nanjala hakulikanda lile goti asubuhi hiyo. Alitaka walione lilivyo. Roho ilimuuma kumsikia mumewe akigugumia njiani, lakini alijikaza.

Wakakaa kwenye benchi na askari wengine wastaafu. "Leo usijifanye mwanaume, Baba Protus," akamnong'oneza. "Ukitaka kulia, lia."

"Nimesikia."

Mlango ukafunguliwa, akatoka mkubwa wa bodi, meja aliyevaa sare na kofia. Lo! Masinde akaruka akasimama wima, visigino vikagongana, mkono ukapanda kwenye paji la uso. Wenzake wote walibaki wamekaa. Meja akarudisha saluti huku akitabasamu, akamwambia daktari aliyekuwa nyuma yake, "Huyu bado ni imara." Huko ndani hawakumkawiza. Kumi ikabaki kumi.

Nanjala akamshika mkono, wakaanza kurudi nyumbani. Walipofika njia inapoingia kwenye miwa, goti likagoma kabisa, Masinde akaketi kwenye vumbi. Hapo ndipo hasira zilipompanda mama wa watu.

"Ulisimama kwa nini?"

"Mama Protus, alikuwa afande."

"Mimi nakubembelezanga kila asubuhi usimame, unashindwa. Afande akitokea tu, huyo! Haya, leo mimi ndiye afande. Simama!"

Mwanaume mwingine angemtukana. Masinde alimtazama tu, akachomeka shati vizuri, akakusanya miguu yake, akajaribu. Akajaribu tena. Jasho lilimtiririka, meno ameyauma, na mkono ulikuwa umeshaanza kuinuka kutafuta paji la uso alipoanguka kifudifudi.

Nanjala akajitupa chini, akakipakata kichwa chake, akalia kwa sauti bila kujali wapita njia. "Basi, baba. Basi, nimekosa mimi. Usisimame."

"Samahani, afande," Masinde akasema, vumbi limemjaa mdomoni. Wala hakuwa anatania.