Pua ya Chama

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Chama kizima cha wafuga nyuki kilimwita Pua, mbele yake na nyuma yake, naye hakuwahi kuchukia hata siku moja. Angechukiaje? Kwa miaka kumi na tisa pua hiyo ndiyo iliyoamua mzinga upi uishi na upi ufe, na mtu akishapewa madaraka ya namna hiyo, hata ukimwita Kisigino ataitika.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mzinga ukianza kunuka, mwenyewe hana ruhusa ya kubahatisha, anamwita Pua. Pua anafika na ovaroli lake la kaki na kofia ya wavu, anapuliza moshi kidogo mlangoni mwa mzinga, anafunua kifuniko, halafu anavua kofia. Ndiyo, anavua, na nyuki wote wale wanamzunguka kichwani. Anainama, ananusa mara tatu. Ikiwa harufu ni ya uchachu, asali imeingia maji, funika vizuri mambo yaishe. Ikiwa ni ya mnyama mfu, tafuta panya chini ya masega. Ikiwa ni jasho la miguu, soksi zilizolowa, basi ni maua ya kile kichaka cheupe tu, asali mbichi inaiva, usiguse kitu. Lakini ikiwa ni gundi ya viatu iliyochanganyika na samaki wa juzi, hapo Pua hasemi neno. Ananyoosha kidole kuelekea dumu la mafuta ya taa. Huo ni uozo wa majana, ugonjwa unaoua watoto wa nyuki ndani ya vyumba vyao, na chamani dawa yake ilikuwa moja: mzinga unachomwa na nyuki wake wote ndani, alfajiri, kabla hawajatoka.

Wafugaji wa kwingine hutumia njiti ya kiberiti. Unaichomeka kwenye chumba cha mtoto wa nyuki, unavuta polepole. Kikivutika kitu cha kahawia kama uzi, ni uozo, kisipovutika, si uozo. Pua aliicheka njia hiyo mpaka watu wakaona aibu kuonekana na njiti karibu na mzinga. "Njiti ni za wasionusa," alisema, "na asiyenusa akafuge kuku."

Tena alikuwa na sharti. Asiambiwe harufu ikoje. Mtu akifungua mdomo kabla yeye hajanusa, hata aseme nusu neno, Pua hufunika mzinga, hufunga ovaroli lake kwenye mfuko na kuondoka. "Mmeshanichafulia pua." Mwalimu mmoja mstaafu aliwahi kuanza tu, "Mimi naona kama..." Alisubiri wiki mbili Pua arudi, na wiki hizo mbili ugonjwa ukamla mizinga tisa. Kwenye mkutano alipolalamika, Pua alimwambia mbele ya watu kwamba mwalimu ni mwalimu, lazima aongee, sasa akawafundishe nyuki walioko mbinguni. Watu walicheka. Kuanzia hapo wakajifunza kusimama kimya mbele ya mizinga yao wenyewe kama watoto wanaosubiri kuchapwa.

Kisha msimu wa baridi ukaja na mafua yake. Pua alilala siku nane. Alipoinuka, kichwa kilikuwa kimepona, kifua kimepona, ila chai haikuwa na harufu. Alifikiri majani ya chai ni mabovu. Akapasua kitunguu, akakisogeza puani. Akafungua siki. Akafungua mafuta ya taa, akainamia dumu mpaka macho yakawasha, wala hakusikia chochote. Aliketi sakafuni jikoni akalia kwa sauti, kisha akanawa uso, akajiambia itarudi. Miezi mitano ikapita haikurudi. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Alikuwa amewatukana wote.

Akagundua njia. Kwa kuwa watu wamekatazwa kusema, nyuso zao zilikuwa zinasema. Mwenye mzinga akikunja uso kidogo, ni uchachu. Akigeukia pembeni, ni mzoga. Aliinama, akavuta hewa mara tatu kama zamani, na kwa jicho la pembeni akasoma watu. Mara tatu njia hiyo ilimwokoa, na mara moja kati ya hizo panya mwenyewe alikuwa amelala waziwazi kwenye sakafu ya mzinga.

Ndipo akaitwa na wifi yake.

Huyu wifi alikuwa mjane wa kaka yake Pua. Kaka alikufa akamwachia mabinti wawili na mizinga kumi na moja, aliyoichonga mwenyewe ubao kwa ubao, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikiwalisha. Hakukuwa na kitu kingine, wala shamba wala ng'ombe. Kati ya mawifi hao hapakuwa na vita, lakini hapakuwa na mapenzi pia. Pua aliwahi kusema kwenye msiba wenyewe kwamba kaka yake alikonda tangu aoe, na mwenzake alisikia.

Siku ya kunusa walikuwepo mwenyekiti wa chama, katibu wake na mshona sare, mama mnene aliyekuwa mjumbe wa kamati. Wifi alisimama pembeni, kitambaa mdomoni, macho mekundu. Pua alifunua mzinga wa kwanza, akavua kofia, akainama. Hakukuwa na harufu. Kulikuwa na mvumo wa nyuki tu. Akatazama nyuso: mwenyekiti amebana pua, katibu amekunja uso mzima, mshona sare amerudi hatua mbili.

Hapo alipiga hesabu yake, na ilikuwa hesabu ya kikatili. Akisema mizinga ni mizima kumbe ni uozo, baada ya miezi miwili mizinga ya chama chote itakufa, na jina lake litakufa nayo. Akisema ni uozo kumbe si uozo, itakufa mizinga kumi na moja ya mtu mmoja. Njiti ya kiberiti ingemaliza ubishi kwa muda wa kukohoa. Lakini mwenyekiti alikuwa anamtazama, na mshona sare alikuwa anamtazama, na Pua hawezi kuonekana na njiti.

Akanyoosha kidole kwenye dumu.

"Yote, wifi?" mjane aliuliza.

"Yote."

"Hata ule wa mwisho? Kaka yako aliumaliza akiwa mgonjwa."

"Ugonjwa hauulizi nani kachonga. Kesho alfajiri, na uzibe milango vizuri, nisije nikahangaika."

Alfajiri hiyo walichimba shimo nyuma ya nyumba. Mabinti walifungiwa chumbani, lakini walisikika wakilia. Mizinga iliyozibwa matambara ilishushwa mmoja mmoja, ikamwagiwa mafuta, ikawashwa, na kila mara nyuki walipiga kelele moja ndefu, kisha ikakatika. Wifi mwenyewe ndiye aliyekuwa akimimina mafuta. Alikataa kusaidiwa.

Sita ilikuwa imeshateketea. Wa saba ulipokuwa unashushwa ubavu wake uliachia, na fremu moja ya masega ikatokeza nje. Pua aliishika airudishe, na mwanga wa moto ukaangukia kwenye sega. Majana yalikuwa meupe, yamenona, yamejikunja kila moja chumbani mwake, yanang'aa. Chumba baada ya chumba, safu baada ya safu. Hapakuwa na hata moja la kahawia.

Alijua palepale. Alisimama na ile fremu mkononi, nyuki wachache wakitembea juu ya vidole vyake, na roho ilimuuma, hilo lazima lisemwe. Mitano ilikuwa bado kuchomwa. Kusema neno moja kungeiokoa. Lakini neno hilo lingekwenda mpaka kwenye ile sita, na kutoka kwenye ile sita lingekuja mpaka kwake.

"Kuna nini, wifi?" mjane aliuliza nyuma yake.

"Hakuna. Mimina."

Aliisukuma fremu ndani, akawasha kiberiti.

Siku nne baadaye wifi alikuja nyumbani kwa Pua bila kualikwa. Pua alikuwa ameinjika maharage jikoni, akamkaribisha kiti sebuleni. Kumbe mwenzake alikuja kushukuru.

"Nimekuja tu kusema asante," wifi alisema. "Mtu mwingine angenionea huruma, akaniachia mitatu minne, nikaambukiza watu. Wewe umenitendea haki. Nilikuwa nakuchukia, wifi yangu, sikufichi. Sasa nimeacha."

"Tuyaache hayo."

"Ila nasikia mizinga ya mwenyekiti nayo imeanza kunuka tangu juzi. Harufu ile ile. Sasa si naruhusiwa kusema, yangu imeshachomwa? Ilikuwa kama soksi, wifi. Soksi za mtu aliyetembea kwenye mvua. Sikujua uozo unanuka hivyo."

Soksi. Kichaka cheupe kilikuwa kimechanua mwezi huo pande zote, hata dirishani kwake kilionekana. Neno hilo moja angelisikia kabla, mizinga ingekuwepo.

Wifi alikuwa ameinua kichwa, ananusa. Akatazama mlango wa jikoni, akamtazama Pua, akatazama tena jikoni.

"Wifi," alisema taratibu, "maharage yako yanaungua."

Pua aliruka. Jikoni moshi ulikuwa umeshuka mpaka usawa wa kifua, chungu kimekuwa cheusi ndani. Alirudi akipangusa mikono kwenye kanga.

"Nimeyaacha makusudi," alisema. "Yakishika kidogo chini ndiyo matamu."

"Haya," wifi alijibu. Akakaa dakika chache, akaulizia afya yake, akaaga vizuri. Pua akaamini yamepita.

Jumamosi iliyofuata kwa mwenyekiti walijaa wanachama karibu wote, maana hofu ilikuwa imewashika. Mwenyekiti alikuwa na mizinga arobaini. Pua alivua kofia, akainama, akavuta hewa mara tatu, taratibu kuliko siku zote.

"Maua," alitangaza. "Kichaka cheupe. Mizinga mizima kabisa, mwenyekiti. Kalale."

Watu walipiga makofi. Mwenyekiti alitaka kumkumbatia. Katikati ya furaha hiyo wifi alijitokeza, ameshika bakuli lililofunikwa kitambaa, na uso ameukunja kama mtu anayebeba taka.

"Wifi yangu, na mimi nisaidie," alisema, akigeuza shingo pembeni asilivute lile bakuli puani. "Hiki kipande nimekikuta kwenye majivu. Nimeogopa kukitupa kisiambukize watu."

Pua aliutazama uso wa wifi yake. Ulikuwa umekunjamana wote, macho yanatoka machozi. Akainamia kitambaa, akavuta mara tatu, akainuka.

"Uozo," alisema. "Ule ule. Kachome."

Katibu alikohoa. Mtu mmoja nyuma aliguna kicheko, akakimeza. Wifi aliacha kukunja uso, akaondoa kitambaa. Ndani ya bakuli kulikuwa na kipande kipya cha sabuni ya kuogea, ya waridi, ile inayonukia mpaka nyumba ya tatu. Uwanja mzima ulikuwa umeshaisikia tangu alipoingia getini.

"Yalikuwa maua, siyo?" wifi aliuliza. Hakupaza sauti. "Yangu pia yalikuwa maua. Na ulikuwa umeshika ile fremu, nilikuona. Mitano ilikuwa bado hai."

Pua alichukua kofia yake ya wavu, akaanza kuivaa.

Aliyefuata kusema alikuwa mshona sare. Alisogea mbele polepole na mwili wake mzito, akasimama karibu naye mno.

"Yangu ulichoma saba," alisema. "Mwaka juzi."

"Yako ilikuwa imeoza!" Pua alisema, na huo ulikuwa ukweli mtupu, kila mzinga katika ile saba ulikuwa umeoza. "Wakati ule nilikuwa nanusa. Naapa. Ilikuwa gundi, ilikuwa samaki, wewe mwenyewe ulikuwepo, waambie basi harufu ilikuwaje!"

"Mimi?" mshona sare alisema. "Mimi ulinikataza kusema."

Pua aligeuka akamtafuta mwingine. Palikuwa na watu zaidi ya thelathini pale uwanjani, na karibu kila mmoja aliwahi kusimama mbele ya mzinga wake akanusa kwa pua yake mwenyewe. Walimtazama tu, midomo imefungwa, kama alivyowafundisha.