Jembe la Kwenda Nalo Ulaya

Mwezi uliopita, katika ofisi moja hapa Musoma, fundi wa jineri, kiwanda cha kuchambua pamba, kutoka Bunda alisimama mbele yangu kwenye foleni hatulii, macho dirishani kwenye basi la Mwanza. Anakwenda Ulaya kujifunza injini, na ubalozi unataka mpango wa mafunzo kazini wenye muhuri wa ofisi hiyo ndipo umpe viza. Karani aliusoma, akaurudisha.

“Jumamosi umeacha wazi. Shamba la ujamaa utakuwa unalimaga lini?”

“Ndugu, kule kuna theluji!”

“Theluji inakatazaga mtu kulima?”

Basi likapiga honi. Fundi akanyakua kalamu, akaandika: Jumamosi, kulima. Muhuri ukagongwa papo hapo.

Viza imetoka. Wenyeji wake wa Ulaya wameuliza jambo moja tu: jembe atakuja nalo?

Mimi nauliza la hapa hapa: jembe la karani, nani amewahi kuliona?