Walisema Nina Mshipa wa Maiti

Wiki ya tatu baada ya kupasuliwa goti, akina mama wanne wa kanisa letu walikuja kuniona nyumbani, huku juu ya mji wa Manyatta. Walileta uji kwenye thamosi, ndizi na kuku aliyefungwa miguu. Nilifurahi. Tangu asubuhi nilikuwa kitini, mguu juu ya stuli, magongo yameegemea ukuta.

Tuliomba, tukanywa uji. Kisha mwenyekiti wao akakohoa kidogo.

"Mwalimu, ile familia ya marehemu, mlienda kuwashukuru?"

"Marehemu gani?"

Wakaangaliana. Mmoja akamnong'oneza mwenzake kwa Kiembu kwamba pengine sikuambiwa. Mimi ni Mmeru wa Muthara, lakini nimeolewa hapa miaka kumi na mmoja. Nilisikia kila neno.

"Sikuambiwa nini?"

"Huo mshipa waliokuwekea," akasema mwenyekiti, akilielekezea goti langu kidevu bila kulitazama. "Si ulitoka kwa maiti? Tunataka tu kuuombea, usije ukakuletea mambo ya huyo marehemu."

Kumbe ndiyo maana jirani yangu aliiacha chai yangu ikapoa, akasema amefunga.

Niliwauliza wamesikia wapi. Kwa waume zao, wakasema. Na waume zao wamesikia wapi? Mwishowe aliyekuwa mdogo kuliko wote akasema, akiangalia sakafu, "Kwa baba watoto wako. Pale buchari, wakinunua nyama."

Mume wangu alijua ukweli wote. Niliteleza mvuani nikishuka shambani na mzigo wa majani ya ng'ombe mgongoni. Mguu ukabanwa kati ya mawe, mwili ukazunguka, goti likalia kama kijiti kikavu. Yeye ndiye aliyenipeleka hospitali. Alikaa kando yangu daktari akieleza kwamba mshipa uliokatika ndani ya goti hauungani tena wenyewe, kwa hiyo angechukua kipande cha mshipa nyuma ya paja langu na kukipitisha mahali pake. Alieleza mara mbili, tena kwa mchoro. Paja langu mwenyewe! Ule mshipa niliukuza mimi, nikipanda vilima vya Muthara na mtungi wa maji tangu nikiwa darasa la pili. Sasa kila nikikunja goti kwa mazoezi, nyuma ya paja palivuta hadi nikauma leso nisipige kelele mbele ya watoto. Maumivu yalikuwa yangu, na sifa amepewa maiti.

Alipoingia jioni nilimuuliza. Akacheka.

"Mama watoto, si nilikuwa nawachekesha tu? Walikuwa wananiuliza kila siku, mguu wa bibi, mguu wa bibi. Nikawaambia umewekewa mshipa wa marehemu, mguu unatembea wenyewe."

"Na walipoamini?"

"Nilidhani watasahau."

"Wamesahau?"

Akauliza kama kuna chakula. Sijui ni nini kilinizuia kumtupia gongo.

Jumamosi, saa ya watu kununua nyama, nilimwambia avae viatu. Kutoka kwetu hadi buchari mtu mzima anatembea dakika kumi. Sisi tulichukua karibu saa nzima, magongo yakizama kwenye udongo, makwapa yakiniwaka. Alitaka kunishika mkono. Nikamwambia asiniguse.

Pale buchari kulikuwa na wanaume saba au wanane. Nilisimama mlangoni nikapandisha sketi hadi juu ya goti, mimi mwalimu wa watoto wao, wakaona kovu.

"Waambie," nikamwambia mume wangu.

"Ni wake," akasema kwa sauti ya chini.

"Hawajasikia."

"Mshipa ni wake! Umetolewa kwa mguu wake mwenyewe. Mimi nilidanganya."

Mwenye buchari akaacha kukata. "Na vile nimekuwa nikiogopa kukuuzia maini," akasema. Wakaangua kicheko, na mume wangu akacheka nao, kana kwamba tumemaliza. Mimi sikucheka. Nilishusha sketi, nikaanza safari ya kurudi peke yangu.

Habari ya kweli ilienda polepole kuliko uongo. Jirani yangu alirudi kunywa chai baada ya mwezi mmoja. Mwenyekiti aliomba msamaha mbele ya wenzake, nikamsamehe, kwa maana yeye alikuja na uji na hofu ya kweli. Mume wangu aliomba msamaha mara nyingi, kila mara akitabasamu. Tabasamu hilo ndilo linanikasirisha hadi leo.

Mwezi wa tano baada ya upasuaji, mtaalamu wa mazoezi wa hospitali aliniruhusu kukimbia kidogo, mahali tambarare. Nilichagua uwanja wa shule, wanafunzi wakishaenda nyumbani. Mume wangu akauliza kama aje anisimamie, nisianguke.

"Baki," nikamwambia.

Nilizunguka mara mbili, polepole, nikihema kama ng'ombe, na goti halikuyumba.