Mwalimu wa Kukwepa

Mwalimu wetu wa Kiingereza, anayefundisha waongoza watalii pale Rau, hueleza vitenzi vya kukwepa kwa miguu. Kwa "dodge" huruka pembeni kama aliyekoswakoswa na bodaboda. Kwa "skirt" huizunguka meza taratibu, kidole kikiteleza ukingoni. Kwa "evade" hutokomea mlango wa nyuma, nasi hucheka mpaka arudi.

Jana kaka yake, ambaye hawasemezani naye tangu wagombanie kihamba, shamba la ukoo lililoachwa na baba yao, alisimama mlangoni na jani la masale mkononi, ambalo kwa mila yetu ni la kuombea msamaha, na anayelipokea amesamehe. "Mdogo wangu, naomba msamaha. Utanikwepa mpaka lini?"

Mwalimu akaanza kuizunguka meza.

"Hiyo ni skirt, ticha!" mwenzetu Aikaeli akapaza sauti.

Mwalimu akautazama mlango wa nyuma, akaupita bila kutoka, akaendelea kuzunguka mpaka mbele ya kaka yake. Akalipokea lile jani kwa mikono miwili.