Moyo Hausomi Kadi

Nakumbuka Alhamisi moja ya kliniki, nilipokuwa msichana wa miaka ishirini, nimempeleka mamangu hospitalini Kilifi. Alikuwa na kisukari. Mwanangu, nikwambie hila yetu, ingawa hadi leo naionea haya. Siku mbili kabla ya kila kliniki nilimnywesha maji ya mwarobaini asubuhi na jioni, nikamnyima wali, nikamnyima hata embe. Kila alipotobolewa kidole, kipimo kilitoka kizuri, kadi ikaandikwa vyema, naye akasifiwa mbele ya wenziwe. Tukirudi nyumbani, tunarudi kwenye kaimati.

Siku hiyo hata nyumbani hatukungoja kufika. Tulikaa kwenye benchi hapo nje, nikafunua bakuli, kaimati zimelowa shira. Sista aliyempima akapita, akasimama.

"Kumbe dawa yenyewe ndiyo hii, mama?"

Mamangu akacheka. "Ah, sista, kadi si nzuri? Wewe mwenyewe umeiandika."

"Kadi nzuri. Lakini moyo hausomi kadi, mama." Kisha akanigeukia. "Nawe binti, hapa wamsaidia nani?"

Nilimkasirikia, nikamwona ana gubu.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Haikupita miaka mingi, miguu ya mamangu ikavimba. Akawa hawezi kulala chali, analala ameketi, mito mgongoni, akihema. Daktari akasema sukari ilikuwa ikimla moyo taratibu, miaka yote ile ya kadi nzuri. Tukamzika. Unga wa kaimati zile ulipigwa kwa mikono yangu hii, na sijapika kaimati tena.

Sasa jana ulirudi kutoka kazini Watamu, ukanisomea habari kwenye simu. Kuna peptidi, ukasema, kipande kidogo tu cha protini. Wataalamu wanaijaribu kwa panya, na huenda siku moja ikaukinga moyo wa mwenye kisukari usiharibike. Nilifurahi, wallahi. Nikamkumbuka mamangu, machozi yakanitoka. Leo nimefungua kabati kutafuta majani ya chai, nikakuta vidonge vyako vya kisukari vya mwezi mzima, havijaguswa. Nilipokuuliza, ukanambia wangoja hiyo mpya. Wangoja dawa ya panya, baba!

Mwanangu, ngojangoja huumiza matumbo, na hapa kitakachoumia ni moyo. Dawa hiyo huenda ikaja, huenda isije. Ikija, na ikukute hai. Meza leo vidonge ulivyopewa. Kliniki nenda jinsi ulivyo, na kipimo kikiwa kibaya, sema kweli, uaibike. Aibu ya kliniki huishia mlangoni, lakini hii yangu nimeishi nayo mpaka mvi.

Mungu akupe umri, akulinde na ujanja niliomfanyia mamangu. Akujaalie wewe unizike mimi, mwanangu, si mimi nikuzike wewe.